Mtani Msibani: Kisa cha Mjane wa Mbagala Aliyeitwa "Mke Wangu" Mara Tatu

Marehemu alikuwa dereva wa lori, Mnyamwezi wa Tabora mwenye miaka 57, mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam. Alifariki kwa kiharusi alfajiri ya Jumatano. Aliacha mke wa miaka 46, binti aliyeolewa mwenye mtoto wa miaka 5, kijana wa kidato cha pili mwenye miaka 14, na nyumba ya vyumba sita, viwili vikiwa na wapangaji. Familia ni Waislamu. Mke naye ni mtu wa Tabora, lakini mtaa wao umejaa Wazaramo na Wandengereko, kwa hiyo watani walikuwa wameshafika kabla ndugu wa bara hawajapata hata tiketi ya basi. Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika misiba ya namna hii. Hakuna familia moja inayoelezwa hapa, ndiyo maana hakuna majina.

Tumekichagua kwa sababu mama huyu aliitwa "mke wangu" kwa utani mara tatu, na watu watatu tofauti, ndani ya wiki tano. Mara ya kwanza alizimia. Mara ya pili alicheka, kisha usiku akaficha karatasi za nyumba. Mara ya tatu alicheka, akakaa mkekani, akala sahani nzima ya wali. Maneno hayakubadilika hata kidogo.

Kwa nini basi maneno yale yale yalimwangusha mara moja, yakamtisha mara nyingine, na mwishowe yakamlisha? Jibu letu tuliseme mapema. Utani humbeba mfiwa pale ambapo anayetania hana uwezo wala nia ya kulitimiza analolisema. Akiwa na uwezo huo, maneno yale yale ni tishio, na kicheko kinalifanya liwe gumu kukataliwa. Ukali wa maneno, na hata kuigusa mauti yenyewe, ni mambo yanayofuata nyuma.

Nani ana haki ya kutania

Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo unaelezwa na wazee kwa njia ya misafara. Katika karne ya 19 wapagazi wa Unyamwezi walishuka kutoka Tabora hadi Bagamoyo na pembe za ndovu, wakapita na kulala katika nchi za watu wa pwani. Mgeni aliyeishiwa alihitaji chakula, aliyefia njiani alihitaji wa kumzika. Watu wa namna hiyo hawawezi kuwa ndugu, na haiwapasi kuwa maadui. Utani ukawa mkataba wao: nitakutukana, nitakunyang'anya ugali, na ukifa nitakuzika. Kwingine mkataba ulizaliwa na vita, kama kati ya Wangoni na Wahehe waliopigana miaka ya 1870 na 1880 kisha wakawa watani hadi leo.

Jambo hili limeandikwa tangu zamani. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, Tanga, alichapisha makala juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1944. Miaka minne kabla yake A. R. Radcliffe-Brown alikuwa ameandika kwamba katika uhusiano wa utani mmoja anaruhusiwa, na pengine analazimika, kumfanyia mwenzake masihara, naye mwenzake hatakiwi kukasirika. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanaacha nje kitu ambacho kila mzee wa msiba anakijua: mtani hupata ruhusa ya kusema kwa sababu anafanya kazi. Anachimba kaburi, anachota maji, anachinja, anapasua kuni. Anayefika na mdomo mtupu ni mchekeshaji wa bure na mwenye msiba ana haki ya kumketisha.

Mbali na utani wa makabila kuna utani wa ukoo. Babu na bibi hutaniana na wajukuu, mashemeji hutaniana, mabinamu vivyo hivyo. Mkwe hataniwi. Mgawanyo huu si wa mapambo. Wanaotaniana ni wale ambao, kwa kawaida, hawawezi kuamuriana. Shida ya kisa hiki inaanzia hapo: kifo kinaweza kubadilisha nani anaweza kumwamuru nani, wakati utani unaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

Jumatano asubuhi: getini na chumbani

Mtani mkuu wa msiba huu alikuwa mzee wa Kizaramo, jirani wa nyumba ya nne, aliyefahamiana na marehemu miaka mingi. Alifika saa 4 asubuhi na sepetu begani, akifuatana na wanawake wawili wa kwao. Kabla ya neno lolote alimtafuta msemaji wa familia, binamu wa marehemu, akamwuliza mambo mawili: maiti itazikwa lini, na mjane yuko chumba gani. Alipojua kwamba mazishi ni Alhamisi baada ya adhuhuri, ili ndugu wa Tabora wawahi, akarudi getini.

Hapo akavaa kofia ya kazi ya marehemu na kujitupia taulo shingoni kama marehemu alivyozoea. Akashika mfuniko wa sufuria kubwa ya pilau kwa mikono miwili, kama usukani. Kila mtu mtaani alijua jinsi lori lile lilivyokuwa likirudi nyuma kuingia uchochoroni: honi mbili, kisha sauti ya dereva ikiwafokea majirani. Mzee akapiga honi kwa mdomo, akaanza kurudi kinyumenyume katikati ya wafiwa: "Toeni viti! Toeni viti! Mnyamwezi anarudi nyuma, breki hana!" Vijana waliokuwa wakifunga turubai waliacha kamba. Mdogo wa mjane akaangua kicheko kwanza, kisha mkeka mzima. Mjane aliisikia honi akiwa ndani. Tangu alfajiri hakuwa ametoa chozi. Alikuwa amekaa akikunja na kukunjua ncha ya kanga. Alicheka kwa sauti, na kicheko kikageuka kilio kikubwa cha kwanza.

Kitendo hicho cha mtani kilifanya kazi kwa nini? Kwanza, kilimrudisha mtu. Kufikia saa hiyo watu wote walikuwa wakisema "mwili", "maiti", "mwili utaoshwa na nani". Mtani alimleta dereva mzima na honi yake. Pili, utani haukumgusa mjane. Siku ya kwanza shabaha iwe marehemu na ukoo wake, basi. Tatu, ulifanyika nje, mchana, mbali naye kwa hatua kadhaa, kwa hiyo aliweza kuusikiliza au kuupuuza. Nne, sepetu ilikuwa imeegemezwa ukutani na kila mtu aliiona. Baadaye mzee yule aliongeza kwamba marehemu, shabiki wa Simba, alianza kudhoofu tangu zile goli tano walizofungwa na Yanga Novemba 2023, na kwamba hilo liandikwe kwenye cheti. Hata wana Simba waliokuwapo walicheka.

Saa moja hivi baadaye likatokea kosa. Mmoja wa wale wanawake wawili, aliye kijana zaidi, alichukua shati la marehemu kwenye kamba ya nguo, akalivaa, akaingia chumbani kwa mjane bila hodi na kusema kwa sauti nzito: "Mke wangu, chai iko wapi?" Mjane alitazama shati kabla ya kuitazama sura. Alizimia.

Watu walimlaumu mtani yule kijana kwa utovu wa adabu. Kwetu si hivyo. Alifanya jambo ambalo watani wamelifanya miaka yote, ila alilifanya mahali pasipofaa na kwa umbali usiofaa. Kuigiza marehemu kunahitaji mtazamaji ajue, tangu mwanzo, kwamba anatazama igizo. Getini, mfuniko wa sufuria ulilisema hilo wazi: hakuna lori la sufuria. Chumbani kulikuwa na shati halisi, pengine bado lina harufu ya mwenyewe, na sentensi halisi iliyosemwa kila asubuhi kwa miaka zaidi ya 20. Hapakuwa na kitu cha kumwambia mjane kuwa ni mchezo.

Marekebisho yaliyofanyika mchana huo yanafaa kuigwa na msiba wowote wenye watani:

Wifi mmoja aliwekwa mlangoni mwa chumba cha mjane. Mtani yeyote anapita kwake, na nguo za marehemu haziingii kabisa. Nguo zote kwenye kamba zilikusanywa na kufungiwa sandukuni.

Msemaji wa familia alimfuata sheikh na mzee mtani, wakapatana mipaka: utani ruksa nyumbani, unasimama jeneza linaponyanyuliwa, makaburini ni kimya mpaka dua ya mwisho, unaruhusiwa tena watu wakirudi kunawa. Masheikh wengi huchukizwa na watani wanaokaa kwenye ukingo wa kaburi wakidai fedha huku maiti ikisubiri mwanandani, yaani shimo la ndani ya kaburi. Wana haki. Lakini ukiwaita mapema na kuwapa saa zao, vita hiyo haitokei.

Fedha ya watani ilitengwa: shilingi 30,000, zote noti za 1,000, mkononi mwa mtu mmoja. Vizuizi, yaani pale watani wanapofunga njia na kudai fedha, visizidi vitatu, na kila kimoja kilipwe noti moja au mbili. Mfuko ukiisha, unatangazwa kuwa umefungwa. Pasipo mpaka huu hutokea jambo moja kila mara: vijana wa mtaani ambao si watani wa mtu yeyote wanaona pesa inatoka, wanakata matawi na kufunga njia. Kuwatambua ni rahisi. Mtani wa kweli anajulikana na wazee wa pande zote mbili, na ukimpa jembe analipokea.

Siku ya tatu: shemeji

Matanga yalianuliwa Jumamosi. Jioni ukoo ulikaa kikao. Mdogo wa marehemu, mwanamume wa miaka 49 mwenye mke na watoto Tabora, alikuwa na utani wa miaka mingi na shemeji yake. Alipokuja Dar humwita "mke wangu", naye humwambia akachote maji kwanza ndipo adai chakula. Hakuna aliyewahi kuona ubaya. Jioni ile, mbele ya wazee, alisema: "Haya mke wangu, utani umekwisha sasa. Andaa chumba." Watu wakacheka. Mjane naye akacheka.

Usiku huo alizitoa karatasi za nyumba kabatini, akazitia kwenye mkoba wa binti yake.

Hii ndiyo sehemu ya kisa inayosomwa vibaya mara nyingi. Wajumbe wa kikao wangeapa kwamba mama alifurahia, kwa kuwa walimwona akicheka. Kicheko cha mfiwa mbele ya kikao cha ukoo si ushahidi wa kitu chochote. Asingecheka, angeonekana amekasirika. Akionekana amekasirika, anaonekana ana jambo na ukoo. Na yeye anakaa katika nyumba ambayo ukoo unaijadili. Cha kutazama ni anachofanya mtu baada ya kicheko. Aliyefarijika huketi, huongea, huomba maji. Aliyetishwa huondoka mapema, hukagua milango, huficha karatasi.

Kwa miaka yote ile maneno yalikuwa salama kwa sababu kulikuwa na mwanamume aliyesimama katikati: mume. Sasa hayupo, na aliyesema ni mtu ambaye kwa mila ya kurithi wajane angeweza kuletwa na wazee hao hao kama pendekezo. Shemeji mwenyewe huenda hakukusudia baya. Haisaidii. Mjane hawezi kuuona moyo wake, anaona tu kwamba jambo lililokuwa haliwezekani Jumanne limewezekana Jumamosi.

Sheria iko wazi hapa na kila kikao cha ukoo kingepaswa kuisikia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema mjane yuko huru kuishi atakapo, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanamume amtakaye, hata kama mila inasema vingine. Kwa ndoa ya Kiislamu haruhusiwi kuolewa mpaka eda, yaani muda wa mjane kukaa bila kuolewa, iishe. Dini nayo imeweka ukuta wake: katika Sura ya Al-Baqara aya ya 234 inataja miezi minne na siku kumi, na ya 235 inakataza kuazimia kufunga ndoa kabla muda huo haujatimia. Shemeji aliyesema "andaa chumba" siku ya tatu alikuwa amevuka vyote viwili kwa pamoja.

Angemwambia nani? Mama mwenyewe hakuweza. Binti yake ni mtoto kwa baba yake mdogo, hawezi kumkosoa kikaoni. Aliyeweza ni mtani. Wifi wa mlangoni alimnong'oneza mzee wa Kizaramo, na Jumapili asubuhi, watu wakinywa chai, mzee akamgeukia shemeji: "Wewe Mnyamwezi, lori la kaka yako hata mlango hujui kuufungua, halafu unataka usukani? Kaa turiboi! Na turiboi haendeshi mpaka afundishwe, na hapa hakuna wa kukufundisha." Turiboi ni msaidizi wa dereva wa lori. Turubai zima lilicheka, na shemeji akawa hana pa kukasirikia, kwani kwa mtani hakukasirikwi. Ujumbe ulimfikia. Kabla ya kuondoka alimwambia mjane, bila kumwita mke: "Shemeji, ile nyumba ni yenu."

Kazi hii ya mtani, ya kumwambia mtu wa ukoo jambo ambalo ukoo hauwezi kumwambia, ndiyo tunayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayopotea mijini pale watani wanapobaki wa kudai noti za 1,000 tu.

Utani hata hivyo hauandiki karatasi. Wiki iliyofuata binti alihakikisha muhtasari wa kikao cha ukoo umeandikwa, umesainiwa na waliohudhuria na unamtaja yeye na mama yake kama wanaopendekezwa kuwa wasimamizi wa mirathi. Cheti cha kifo kikaombwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Maombi yakapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Kwa mirathi ya Kiislamu mke mwenye watoto ana thumni, yaani sehemu 1 kati ya 8. Maneno mazuri ya shemeji yangebaki upepo bila hatua hizo.

Kijana wa miaka 14

Huyu hakuitwa mke wa mtu, lakini utani wa msiba ulimjeruhi zaidi kuliko mama yake na uligunduliwa kwa kuchelewa. Kila mgeni wa kiume alimpiga begani: "Sasa wewe ndiye baba wa nyumba, eh? Tutakuja kukuomba kodi." Wakacheka, wakampa shilingi elfu. Alihesabu kauli hizo kama maagizo. Kufikia wiki ya tatu alikuwa akiamka usiku kukagua komeo la geti, analala darasani, na alimwuliza mpangaji mmoja kwa nini kodi yake imechelewa.

Mtoto hana kipimo cha kujua utani umeishia wapi, hasa akiwa na baba aliyekufa Jumatano. Na hapa kanuni yetu inageuka upande: wanaotania hawana uwezo wa kumfanya awe baba, lakini anayetaniwa anaamini ana wajibu wa kulitimiza. Matokeo ni yale yale. Ndiyo maana utani unaompa mtu cheo kipya cha marehemu haufai kwa mtoto, hata ukisemwa kwa mapenzi.

Kumwambia "walikuwa wanatania tu" hakukusaidia. Alijibu kwamba anajua. Kilichosaidia ni maneno makavu na kazi ndogo. Mama alimketisha na kumwambia: mwenye nyumba ni mimi, kodi napokea mimi, geti anafunga mpangaji wa chumba cha mbele, wewe kazi yako ni kujaza ndoo mbili za maji jioni na kusoma. Wajomba wakaombwa wahamishe utani wao kwenye mambo yake halisi: chai yake isiyo na sukari, viatu vyake vya mpira, Simba yake. Usingizi ulirudi baada ya wiki mbili hivi.

Eda: nyumba inaponyamaza

Miezi minne na siku kumi kwa mwezi mwandamo ni takriban siku 128. Kizuka, yaani mjane aliye edani, hukaa nyumbani, hajipambi, hatii manukato, wanja wala hina, na pwani wengi huvaa nyeupe. Hutoka kwa dharura kama hospitali. Msiba huwa na watu 200 siku ya kwanza na majirani watatu wiki ya tano. Katika kisa hiki, kama katika vingi, hatari kubwa haikuwa siku za vilio. Ilikuwa pale utani ulipoondoka pamoja na viti vya kukodi.

Wiki ya nne mjane alianza utani wa namna nyingine. Kila aliyebisha hodi alimjibu: "Karibu kwenye gofu." Akiulizwa hali: "Mimi mjane, jungu bovu, nasubiri jalala." Wageni walicheka kwa kuwa alisema kwa uchangamfu. Lakini kauli ilirudiwa kila siku bila kubadilika, na sahani zilirudi jikoni kama zilivyokwenda. Mwanasaikolojia Rod Martin na wenzake, mwaka 2003, waligawa ucheshi katika namna nne: wa kuwaunganisha watu, wa kujiinua katika shida, wa kuwashambulia wengine, na wa kujidhalilisha. Huu wa mwisho ndio uliokuwa ukisikika. Dalili zake kwa mfiwa ni tatu: mzaha ni ule ule kila mara, unamfungia mgeni mlango wa kuuliza zaidi, na hauandamani na kula wala kulala.

Usicheke naye, na usimkemee. Binti yake aliambiwa na jirani mmoja mkunga amwulize swali lisilo na pa kukwepea: "Mama, leo umekula saa ngapi?" Jibu lilikuwa kwamba hakula tangu jana mchana. Kuanzia hapo binti alihamia na mwanawe kwa muda. Ieleweke kwamba huzuni ya namna hii huwa haina kasoro katika miezi ya mwanzo. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, huhesabu huzuni iliyokwama kuwa tatizo la kitabibu ikiwa imedumu angalau miezi 6 na inamzuia mtu kuendesha maisha yake. Kutokula kwa siku nzima hakungoji miezi 6, na kituo cha afya kilikuwa karibu.

Mjukuu wa miaka 5 alifika Jumatatu. Jioni yake alijifunga msuli wa babu, ukiburuta, akabisha hodi mlangoni kwa bibi yake na kungoja aitikiwe. Akaingia: "Mke wangu, nimerudi safari. Leta wali." Mama mtoto alishtuka akataka kumvuta. Bibi alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye msuli uliomeza miguu, akacheka: "Karibu mume wangu. Umeniletea nini huko safarini?" Mtoto akatoa pipi iliyokwisha nyonywa nusu. Walikula sahani moja, na bibi alimaliza.

Nguo ya marehemu, kama shati la siku ya kwanza. Maneno ya shemeji. Hata hodi na madai ya chakula. Kilichobadilika ni kwamba mjukuu kumwita bibi mke ni utani wa ukoo ulio halali na wa zamani, ulikuwapo babu akiwa hai, na mwenye kuusema ana kimo cha mita moja. Hawezi kumrithi mtu. Zaidi ya hayo alimpa bibi nafasi ya kujibu, na kwa kujibu alikuwa, kwa dakika chache, mke katika mchezo ambao yeye ndiye aliyeuongoza. Mjane anahitaji mahali pa kukivua cheo chake cha mke taratibu.

Wiki ya sita akatania mwenyewe. Umeme ulikatika saa 3 usiku, uniti zimeisha. Marehemu ndiye aliyekuwa akinunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa simu yake, na namba ya siri hakuna aliyeijua. Walinunua kwa simu ya binti. Tokeni ina tarakimu 20. Mama aliziingiza kwenye mita kwa mwanga wa kibatari, akakosea, akarudia, akakosea tena. Akasema gizani: "Baba yenu mchoyo, kaondoka na umeme wake." Palikuwa kimya kidogo, kisha kijana akacheka, na wote wakafuata. Mara ya tatu taa ziliwaka. Asubuhi aliandika namba ya mita, tarakimu 11, kwa kalamu ya wino mzito ukutani juu ya jiko.

Tofauti ya mzaha huu na ule wa jungu bovu ni kubwa. Ule ulimfanya yeye kuwa taka. Huu ulimsema marehemu kama mke amsemavyo mumewe, ulitokana na jambo lililotokea dakika ile ile, na ulifuatwa na kazi iliyofanyika. Aliyeusema alikuwa tayari ni mnunuzi wa umeme wa nyumba hiyo.

Kutoka eda na baada yake

Siku ya kutoka eda wanawake walimwogesha, wakamvika nguo mpya, wakamfukiza udi na kumtia hina. Mikusanyiko hii ina utani wake mkali wa wanawake peke yao, na mwingi huwa juu ya posa. Siku mbili kabla, mama alimwambia somo yake, yaani mwanamke mshauri wake: lolote litaniwe, ila suala la kuolewa liachwe. Somo alizunguka na kuwaambia wageni mmoja mmoja. Hatua hii ni nyepesi, haigharimu kitu, na karibu hakuna anayeifanya. Watu hudhani utani ukiwekewa mpaka unakufa. Mwanamke mmoja aliuvuka hata hivyo, akauliza wanangoja posa ngapi. Mama alimjibu papo hapo: "Atakayekuja aje na LUKU yake." Somo hakuhitaji kuingilia.

Mirathi ilikuwa bado mahakamani wakati huo. Shemeji alipiga simu mara moja moja, akimwita shemeji.

Miezi miwili baada ya eda, dada wa yule mzee mtani alifariki. Deni la msiba ni la pande zote mbili, na sasa Wanyamwezi wa mtaa walitakiwa kulilipa. Binamu wa marehemu alimchukua kijana wa miaka 14. Alipewa sepetu, akachimba zamu yake na vijana wengine mpaka kaburi likafika kifuani. Waliporudi nyumbani na watu kunawa, aliambiwa sasa anaweza kusema, na akaelezwa masharti: usiguse nguo za marehemu, usiingie vyumba vya ndani, usimtanie mtoto. Alifunga njia ya jikoni kwa ufito, akatangaza kwamba Mzaramo yeyote hapiti na sahani mpaka Mnyamwezi apate soda. Mzee alifoka, akamwita mwizi wa Tabora, akaingiza mkono mfukoni. Kijana alipata soda mbili na noti ya 1,000.